Saa Iliyommeza Mkimbiaji

Harufu ya gunia jipya la katani ikichanganyika na ya petroli hunirudisha mahali pamoja tu: ndani ya kanisa letu la zamani kule milima ya Kathiani, Jumamosi mchana, madirisha yote yamezibwa kwa magunia ili giza liingie. Juzi niliipata harufu hiyo katika stoo ya kanisa. Tulikuwa tunapanga mahindi ya sadaka ya mavuno, na kijana mmoja akaweka jerikeni la petroli ya mashine ya kukata nyasi karibu na magunia. Nikasimama mlangoni nimeshika nguzo, wazee wenzangu wakadhani ni mgongo. Sikuwaeleza. Kuna mambo ambayo mtu akianza kuyaeleza mlangoni, mahindi hayatapangwa.

Jioni hiyo nilimwomba mwanangu anitafutie filamu. Jina lake sikulijua, wala sikuwahi kulijua. Nilimwambia tu kwamba ni ya wakimbiaji wa kizungu wa zamani, wenye kaptula za kufika magotini na nywele za kupakwa mafuta, na kocha mmoja mwenye saa. Akaipata kabla chai yangu haijapoa. Nikaketi kuitazama kwenye kioo kidogo cha simu yake. Lakini kabla sijasema nilichokiona juzi, ni lazima niseme tulichokiona mara ya kwanza, maana si kitu kimoja.

Ninyi wa umri wangu mtaikumbuka miaka ile. Ilikuwa miaka ya kushukiana. Watu walisema kuna waabudu shetani wanaotafuta watoto, nasi tukaambiwa tusipokee peremende kwa mtu tusiyemjua, tusipande gari la mgeni, tusipigwe picha na mtu asiye wa studio ya Tala. Gari jeusi likipita barabarani tuliingia kwenye mahindi. Mtu akijenga nyumba ya mawe haraka, ilisemwa kwamba "ameingia". Hakuna aliyeuliza ameingia wapi.

Katika hali hiyo ndipo alipotujia Mwalimu Mulwa. Alitoka Kithyoko, huko chini kwenye joto karibu na mto Tana, na kwa watu wa milimani hilo pekee lilitosha. Kwetu ilisemwa kwamba wale wa nyanda za chini "wanajua mambo". Alikuwa kijana mrefu, hajaoa, anafundisha hesabu na kusimamia michezo, na shingoni alining'iniza saa ya kupimia mbio kwa kamba nyekundu. Siku yake ya kwanza tulimzunguka, na msichana mmoja akamwuliza, "Mwalimu, saa hizi ni saa ngapi?"

"Hii haisemi ni saa ngapi," akajibu, akacheka.

Sisi hatukucheka. Saa isiyosema saa, basi inasema nini?

Dada yangu Mutheu alikuwa darasa la nane, nami nilikuwa chini yake kwa madarasa mengi. Alikuwa msichana wa maneno machache, mwenye miguu mirefu na alama ndogo. Wote nyumbani tulijua kwamba mtihani hautampeleka sekondari. Na wasichana waliobaki nyumbani tuliwajua: mwaka mmoja jikoni kwa mama yake, mwaka wa pili jikoni kwa mtu mwingine. Basi siku moja ndama wetu alikata kamba akakatiza uwanja wa shule, Mutheu nyuma yake. Akamzunguka ndama yule mbele ya darasa la sita, akamshika mkia karibu na choo cha walimu. Alipoinua uso, Mwalimu Mulwa alikuwa amesimama kando ya goli, anaitazama saa yake.

Kesho yake alikuja nyumbani. Alisema kuna shule ya bweni ya wasichana inayochukua wakimbiaji hata kama alama zao hazitoshi, na mwalimu mkuu wake huja mwenyewe kwenye mashindano ya Machakos kuchagua. Mutheu akimaliza kati ya watatu wa kwanza, ana nafasi. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akamwambia, "Tutaliombea." Wanaomjua baba yangu walijua kwamba hiyo si ndiyo.

Nilikwenda kumweleza Susu, mama yake baba, aliyeishi katika nyumba ndogo upande wa pili wa boma letu na kusuka vyondo, vile vikapu vya katani, mchana kutwa. Nilimwambia kwamba mwalimu alimpima Mutheu kwa ile saa.

Vidole vyake vilisimama. "Alimpima nini?"

"Mbio, Susu."

"Na hizo mbio zikaenda wapi?"

Susu alikiweka chondo chini. "Mtu hupimwa akishakufa," alisema. "Seremala anakuja na kamba yake, anampima, anaenda kukata mbao. Aliye hai hapimwi."

"Lakini kliniki walinipima kwa mizani."

"Na ulikataa maziwa wiki nzima. Muulize mama yako."

Wazee wa kwetu walikuwa hivyo. Ng'ombe hawakuhesabiwa kwa kidole, wala watoto. Mgeni akimwuliza Susu ana wajukuu wangapi, alijibu, "Wako wa kutosha kumaliza chungu cha muthokoi." Kuhesabu kitu kizuri kwa sauti ni kumwonyesha adui mahali pa kukishika. Baba, ambaye alikuwa mzee wa kanisa na hakupenda kuyasikia hayo, alimwambia jioni ile, "Mama, hayo ni mambo ya gizani. Tuliyaacha."

"Na yule mfalme wa Israeli aliyehesabu watu wake," Susu akasema polepole, "ile tauni iliyokuja ilitoka gizani pia? Si mlisoma nyinyi wenyewe Jumapili?"

Baba akanyanyua kikombe akanywa chai iliyokuwa imekwisha.

Mwalimu Mulwa hakukata tamaa. Aliona wazazi wanasita, si kwetu tu, kwa karibu kila msichana aliyemtaka kwenye timu yake. Akafikiri kwamba watu wakiona mbio ni kitu gani, jinsi kijana maskini anavyoweza kuheshimiwa kwa miguu yake, watalegea. Akaenda Tala kwa Abdi, mfanyabiashara wa Kisomali aliyeuza shuka na mbuzi na aliyekuwa na televisheni, video na jenereta, akaviazima pamoja na kanda ya filamu. Abdi alikuja navyo mwenyewe kwa pikapu.

"Watu nawaamini," alimwambia baba mlangoni mwa kanisa. "Ila simwamini mtu na video yangu."

"Karibu ndani basi, Abdi."

"Nitakaa na jenereta. Hiyo ndiyo siiamini zaidi."

Kanisa lilijaa. Wazee mbele, akina mama katikati na vitambaa vyao vya kichwa, sisi watoto chini kwenye vumbi. Magunia yakatundikwa madirishani, televisheni ikawashwa juu ya meza ya sakramenti, jambo ambalo wengine walilinung'unikia, na nje jenereta ikaanza kunguruma. Kwa ile kelele hatukusikia neno hata moja la filamu, na hata tungesikia, kilikuwa Kiingereza cha puani. Mwalimu Mulwa alisimama kando akipiga kelele kutueleza, lakini tuliona zaidi ya tulivyosikia.

Tuliona wanaume weupe wamevaa nyeupe, wote wamefanana. Tuliona wakiimba pamoja wamesimama kwenye jumba lenye nguzo, na mama mmoja nyuma yangu akasema, "Hilo si kanisa. Msalaba uko wapi?" Tukaona jambo lililofanya hata wazee wasogeze vichwa. Kabla ya mbio, kila mkimbiaji alipiga magoti na mwiko mdogo wa mjenzi, akachimba vishimo viwili kwenye njia, akaviangalia, akavisawazisha kwa vidole.

"Anafukia nini?" mzee mmoja akauliza kwa sauti.

"Hafukii kitu, mzee!" Mwalimu Mulwa akapaza sauti. "Ni mahali pa kuweka miguu!"

"Miguu inawekwa ndani ya shimo?"

Wengine walicheka, lakini kicheko kifupi. Kila mtu mle ndani alijua maana ya mtu kuchimba shimo dogo kwenye njia ambayo wenzake watapita.

Kisha ikaja mbio yenyewe. Kocha, mzee mnene mwenye kofia, alikuwa amesimama kando ya uwanja na saa mkononi. Ilikuwa saa ileile. Ninawaambia, ilikuwa na umbo lile lile la mviringo, na kitufe kile kile juu. Nilimwona Susu akijiinua kwenye benchi. Wakimbiaji wakatoka. Yule wetu, mwembamba mwenye nywele za manjano, akatangulia, na watu wakaanza kusahau hofu yao. Mutheu alikuwa amepiga magoti kama mtu anayeomba. Akina mama wakapiga vigelegele. Mkimbiaji akaukaribia utepe.

Hapo akaanza kwenda polepole. Sisi hatukuwahi kuona kitu kama kile. Miguu yake ilipanda, ikakaa hewani, ikashuka kama ya mtu anayetembea mtoni. Mdomo wake ukafunguka taratibu. Uso ukavutika. Na picha yenyewe ikaanza kusinyaa kutoka pembeni, giza likimsogelea pande zote. Kocha akainua saa. Tukakiona kidole gumba chake kikishuka juu ya kitufe, polepole, kikakibonyeza.

Mkimbiaji akatoweka. Kilichobaki kwenye kioo ni doa moja jeupe katikati, dogo kama punje ya mtama, halafu na hilo likazimika.

Nje hata jenereta ilikuwa imenyamaza.

"Ameenda wapi?" yule mzee akauliza.

"Petroli imeisha, wazee wangu," Mwalimu Mulwa akasema. Sauti yake ilisikika kubwa mno sasa. "Ni petroli tu."

"Imeisha saa ileile aliyobonyeza?"

"Ndiyo, imetokea tu hivyo."

"Imetokea tu," mzee akarudia, akavaa kofia yake ndani ya kanisa, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

Abdi aliingia akijipangusa mikono. "Mimi nilimwambia anunue petroli zaidi! Nilimwambia!" Hakuna aliyemsikiliza. Akina mama walikuwa wanavuta mabinti zao kwa mikono. Kamba nyekundu ilikuwa bado shingoni mwa mwalimu, na niliona watu wanampisha njia, wanamwacha apite peke yake katikati ya kanisa kama maji yanavyolikwepa jiwe. Jumatatu iliyofuata timu yake ya wasichana ilikuwa imepungua hata ikatosha kivuli cha mti mmoja, na nafasi ikabaki.

Basi juzi, mbele ya kile kioo cha mwanangu, nilingoja pale. Vishimo nilivielewa: siku hizo hawakuwa na vyuma vya kuanzia, mtu alijichimbia. Lile jumba lilikuwa shule, na wimbo ulikuwa wa kumsifu Mungu. Nilizijua hata noti zake. Mbio ikaanza. Nikashika ukingo wa meza. Na yule kijana hakwenda polepole hata kidogo. Alipita kama mshale, akakata utepe kwa kifua, akaanguka mikononi mwa ndugu yake, na yule kocha mnene aliyebonyeza saa akavua kofia akauficha uso ndani yake, akalia kwa furaha. Ule mwendo wa polepole tuliouona ulikuwa jenereta ya Abdi ikikata roho.

"Mama, ni filamu tu," mwanangu aliniambia, maana nilikuwa najipangusa macho kwa leso.

Nilimpigia simu Mutheu. Sasa ni muuguzi Kitui, mwenye sauti ya kuamrisha wodi nzima. Nikamwambia, "Alishinda."

"Nani?"

"Yule mzungu aliyemezwa na saa."

"Unaona sasa," akasema. "Na mimi nimemhurumia miaka yote hiyo."

Sikuwacheka watu wetu, na sitaki mtu awacheke. Walionyeshwa nusu ya jambo, tena bila sauti, nao wakaijaza nusu nyingine na kile walichokuwa nacho. Nimekaa kwenye mabaraza ya kanisa miaka mingi sasa, nimesikiliza kesi za ndoa na za mashamba, na mara nyingi naiona ile punje nyeupe kwenye kioo. Mtu anaapa kwamba aliona. Kweli aliona.

Lakini kuna shuku nyingine katika habari hii, na hiyo nilichelewa sana kuielewa. Nilidhani baba naye anaiogopa saa. Kila Mwalimu Mulwa alipokuja, baba alikuwa akimtazama sana, akitazama mikono yake, akitazama alivyomwita Mutheu kwa jina. Nilidhani anatafuta mahali uchawi ulipofichwa. Baada ya filamu ile mwalimu alikuja tena, mtu mmoja dhidi ya mlima mzima, akasimama uani kwetu kofia mkononi.

"Mzee, naomba tena," alisema. "Msichana huyu mimi sijaona mwingine kama yeye."

"Mwalimu," baba akasema, "mimi si mama yangu. Saa yako siiogopi."

"Sasa mzee unaogopa nini?"

Baba alimtazama muda mrefu, mpaka kuku mmoja akapita katikati yao akaenda zake. Alisema, "Atafanya mazoezi uwanjani, kukiwa bado kweupe, na mimi nikiwepo. Siku sipo, hakuna mazoezi."

"Mazoezi ni kila jioni, mzee."

"Basi ni kila jioni."

Mwalimu Mulwa aliinamisha kichwa. Naona sasa kwamba alielewa, na kwamba hakukasirika, na kwa hilo ninamheshimu hadi leo. Sisi wenye mabinti tunajua ni walimu wangapi waliwaambia wasichana kwamba wana kipaji, na yaliyowapata baadaye. Baba alimshuku mtu mwema. Lakini angemwamini mbaya, nani angelipa? Alichofanya ni kuishuku hatari na bado kuufungua mlango, na kukaa mlangoni yeye mwenyewe. Mimi nilijifunza teolojia chuoni miaka mitatu, na sikufundishwa jambo gumu kuliko hilo.

"Na ile saa?" Susu aliuliza kutoka mlangoni kwake.

Mwalimu akaivua shingoni akamnyooshea. "Kaa nayo wewe, Susu."

"Mimi?" Susu akarudi nyuma. "Uongo wa nyoka ni kwamba hamuumi anayemfuga. Iweke huko kwako. Huyu mtoto usimbonyeze."

"Bila saa nitajuaje kama anaendelea vizuri?"

Baba ndiye aliyelimaliza. Kila jioni aliacha jembe, akaendesha baiskeli hadi uwanjani, akaketi juu ya jiwe karibu na goli na kitabu chake cha nyimbo. Mutheu alipoanza kukimbia, baba alianza kuimba. Alikuwa na sauti nzito isiyokimbilia mahali popote, na hakuwahi kubadilisha mwendo wa wimbo hata kwenye mazishi. Wiki ya kwanza Mutheu alimaliza mzunguko baba akiwa mwisho wa ubeti wa pili. Baadaye akawa anamaliza kabla ya pambio. Mwalimu Mulwa alikuwa anapiga kelele kutoka upande wa pili, "Mzee, usiongeze kasi!" na baba anatikisa kichwa huku akiimba. Susu alipoambiwa, alifikiri, akasema kwamba wimbo hauwezi kula mtu.

Siku ya mashindano Susu alisema anakwenda Machakos. Hakuna aliyethubutu kumkatalia. Alivaa kanzu yake ya Krismasi na sweta ya baba, akaketi kwenye nyasi za uwanja kati yangu na mama. Alikuwa mtulivu mpaka alipoona kile kitu karibu na mstari wa mwisho: ngazi ya mbao, na juu yake wanaume wamepangwa mmoja nyuma ya mwingine kama kuku kwenye mti wa kulalia, kila mmoja na saa mkononi, kidole gumba tayari.

"Mulwa," aliita. Mwalimu akaja akikimbia. "Hao wote ni wa nini?"

"Ni wapima muda, Susu."

"Mmoja hakutosha?"

"Kila mmoja anamwangalia mkimbiaji wake."

Susu alisimama. Nilijua sasa atakwenda kumchukua Mutheu, na mama naye alijua, maana alimshika sweta. Wasichana walikuwa tayari wanavua viatu upande wa pili. Mwalimu mkuu wa ile shule ya bweni, mama mwenye miwani na mwavuli, alikuwa ameketi kwenye kivuli na kalamu mkononi. Kazi ya jioni zote zile ilikuwa mkononi mwa kikongwe mmoja.

Susu alivuka nyasi, nami nyuma yake. Mutheu alipomwona aliweka mkono kinywani. Alikuwa ameziona zile saa kabla yetu.

"Mwana wakwa," Susu akamwambia, yaani mwanangu kwa Kikamba, "umewaona?"

"Nimewaona, Susu."

"Unaogopa?"

"Ndiyo."

Susu aliwatazama wale wanaume kwenye ngazi, akamtazama mjukuu wake, na nikaona uso wake ukigeuka, kama mtu anayefanya biashara sokoni na kufikia bei ya mwisho. "Wewe pita," alisema. "Wao wana kidole, wewe una miguu. Wapite kabla hawajabonyeza. Na usisimame pale. Usisimame mbele yao hata kidogo."

Filimbi ilipopulizwa Mutheu hakutoka kama wenzake. Alibaki katikati, akasukumwa, akapoteza njia kwenye kona, na nilimsikia baba karibu na kamba akiimba chinichini bila kujua kwamba anaimba. Mzunguko wa pili akaanza kupita wasichana. Kwenye kona ya mwisho walikuwa watatu mbele yake, kisha wawili. Na alipoingia kwenye njia iliyonyooka, akaiona ile ngazi na vile vidole. Nimeona watu wakikimbia kushinda. Dada yangu hakukimbia hivyo. Alikimbia kama mtu anayefukuzwa, macho yamemtoka, kidevu juu, na alimpita mmoja mlangoni kabisa mwa utepe. Wa pili. Wa pili! Mama alilala chini kwenye nyasi.

Mutheu hakusimama. Wasichana wengine walianguka pale pale, wakapewa kadi za nafasi zao, naye akapita ngazi, akapita meza ya maji, akaruka kamba, akatoka kwa lango.

"Huyo nani?" afisa mmoja akapiga kelele. "Namba yake? Aje achukue kadi! Asiporudi tunampa anayefuata!"

Baba yangu, mzee wa kanisa, ambaye sikuwahi kumwona akikimbia hata mvua ikinyesha, alishika koti lake la suti kwa mikono miwili, akatoka mbio. Viatu vyake vya Jumapili vilikuwa vinapiga lami huko nje, tukavisikia vikififia. Afisa alikuwa ameshika kadi ya pili hewani, na msichana wa tatu akaanza kunyoosha mkono. Mwalimu Mulwa alisimama mbele yake, mikono imetanda. "Subirini kidogo," alikuwa anasema. "Anakuja. Tafadhali. Babake amemfuata."

Mwalimu mkuu mwenye miwani alikuwa ameinuka. "Msichana huyo anakwenda wapi?"

"Nyumbani, madam."

"Nyumbani ni wapi?"

"Kathiani."

"Kwa miguu?"

"Angefika," Mwalimu Mulwa akasema.

Yule mama alicheka mpaka akavua miwani. Walipoingia tena langoni, baba amemshika Mutheu mkono, wote wawili hawana pumzi, koti la baba likiwa limefungwa kifungo kisicho chake, yule mwalimu mkuu ndiye aliyekwenda kumpokea, na kadi akampa kwa mkono wake.

Mwalimu Mulwa alihamishwa mwaka uliofuata. Wapo waliosema kwamba alifukuzwa, na wapo waliosema walijua tangu mwanzo. Hakuna aliyesimama kanisani kumtetea isipokuwa baba, na baba alisema sentensi moja tu, kwamba kijana yule alimrudishia binti yake kila jioni.

Asubuhi ya Mutheu kwenda shuleni tulikuwa wote uani. Baba alikuwa anafunga sanduku la bati kwenye kariya ya baiskeli ili alisukume hadi barabarani. Susu alimwita Mutheu nyuma ya ghala. Nilikwenda kuchungulia. Alimfungua kitambaa kifuani, akamtemea mate ya baraka, taratibu, kifuani na katika viganja vyote viwili, akinena majina ya watu waliokufa kabla hatujazaliwa. Jambo hilo baba alikuwa amelikataza nyumbani mwake tangu alipowekewa mikono kuwa mzee wa kanisa, na alikuwa amelihubiri mara nyingi, kwa nguvu, mbele ya mama yake.

Niligeuka kumtazama baba. Kutoka pale alipokuwa, ghala halikumficha mtu. Sanduku lilikuwa limekwisha kufungwa, kamba imekaza kabisa. Baba alilishikashika, akatazama mlimani, kisha akaifungua kamba yote, akaanza kulifunga upya.